Somo: Kuwaangalia ndege wageni mwambao wa Kigoma, Novemba hadi Machi

Maji yakianza kuganda Ulaya na Urusi, ndege wanaokula samaki na wadudu wa matopeni hukosa riziki, wakashuka kwetu. Huku huwa ni msimu wa mvua, kwa hiyo beba koti.

1. Chagua mahali. Ziwa Tanganyika lina kina kinachofika mita 1,470, na sehemu kubwa ya ukingo ni mawe yanayozama ghafla. Ndege wa miguu mifupi hana pa kusimama. Nenda penye mlango wa mto: Luiche, kusini ya Ujiji, au Malagarasi, upande wa Ilagala. Tope la mto ndilo ghala lao. Kwa shakwe, hata Kibirizi panatosha, dagaa wakiwa wameanikwa.

2. Nenda asubuhi. Hili nalisisitiza. Ziwa liko magharibi yetu, kwa hiyo jua linakupiga wewe mgongoni na kumwangaza ndege. Jioni utaona vivuli vitupu.

3. Keti, usiwafuate. Darubini ya kukuza mara nane inatosha.

4. Anza na miguu. Shakwe wa kwetu, mwenye kichwa cha kijivu, ana miguu na mdomo mwekundu. Mgeni kutoka nchi kama Ufini ni mkubwa zaidi, mgongo mweusi, miguu ya njano, na chini ya mdomo wake wa njano ana doa jekundu. Wale wa rangi ya kahawia ni watoto wao; hao wasikusumbue mwanzoni.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, sina darubini.
Anza na kitwitwi, ndugu yangu. Hukimbia ukingoni karibu kabisa na watu, mkia ukipanda na kushuka bila kupumzika, na weupe wa tumbo umepanda mbele ya bawa.

Wale weusi wanaoanika mabawa juu ya mawe?
Mnandi. Ni wenyeji.

Korongo nyangumi je?
Naye ni mwenyeji, ila si wa ufukweni. Makao yake ni mabwawa ya Malagarasi-Muyovozi, ardhioevu ya Ramsar, yaani mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, tangu mwaka 2000.

Mimi na wanangu tutakuwa salama Luiche?
Dada, milango ya mito ina mamba na viboko. Waulize kwanza wavuvi wa hapo, na watoto wasikanyage maji wala kuingia matetani.