Jinsi ya kuandaa fildi ya wanafunzi wa ustawi wa jamii: anza na mtu, barua ifuate

Kila ikifika mwezi wa tano simu yangu haitulii, waratibu wenzangu wa vyuo vingine wananipigia, hivi nyie mnapangaje fildi, yaani mafunzo kwa vitendo ya wanafunzi, maana sisi halmashauri imetukatalia, au wanafunzi hawataki kwenda mbali, au kijana amemaliza wiki 8 anatoa fotokopi tu. Nimeona niandike yote mahali pamoja, namna ninavyofanya mimi hapa Tanzania, na wewe utachukua kinachofaa kwenu.

Kwanza nieleze kilichonifanya nibadilike. Miaka ya mwanzo nilikuwa naandika barua moja kwa wote, nabadilisha jina la mwanafunzi na jina la wilaya, basi. Siku moja nikaenda kukagua, nikamkuta binti wa mwaka wa tatu kwenye meza ya masijala anasajili barua zinazoingia, na hiyo ni wiki ya sita. Nikafungua logibuku lake, lile daftari la kazi za kila siku za fildi, kila siku limeandikwa "nimesaidia kazi za ofisi", sahihi za wiki zote 5 zimepigwa kwa kalamu moja, wino ule ule, inaonekana kabisa zimepigwa asubuhi ile baada ya kusikia mwalimu anakuja. Na chumba cha pili pale pale kuna mama ana mtoto mgongoni, kadi ya kliniki kaifunga kwenye mfuko wa rambo, anasubiri baba mtoto aliyepelekewa wito waje kuongea habari ya matunzo. Yaani kesi ipo mita tatu na mwanafunzi hajawahi hata mara moja kukaa ndani akasikiliza! Nikamuuliza afisa, akanijibu kwa upole tu, "Mwalimu, mimi sikujua anatakiwa afanye nini, barua yenu ilisema apewe nafasi, nikampa nafasi." Sikuwa na la kumlaumu. Tangu siku hiyo mimi naanza na yule atakayekaa na mwanafunzi wangu, barua inafuata baadaye.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Kama fildi yenu ni Julai hadi Septemba baada ya semista ya pili, anza Februari, usicheke, Februari kweli. Chukua daftari andika ofisi zote unazoziweza na jina na namba ya mtu mmoja kila ofisi. Na usiishie kwenye ofisi za ustawi za halmashauri peke yake, kila mtu anakimbilia huko. Zamani Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, ile iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, ndiyo ilikuwa inajulikana kwa kozi hii, leo vyuo ni vingi na meza za maafisa hazijaongezeka kwa kasi hiyo, kwa hiyo mnagombania viti. Kuna hospitali zenye kitengo cha ustawi, hapo mwanafunzi atakutana na misamaha ya matibabu, wagonjwa wasio na ndugu, mama aliyejifungua akatelekezwa wodini. Kuna mahabusu za watoto, kuna Mahakama ya Watoto Kisutu kwa walio Dar, kuna makazi ya wazee kama Nunge Kigamboni, Funga Funga Morogoro au Kolandoto Shinyanga, kuna madawati ya jinsia na watoto kwenye vituo vya polisi, kuna magereza, kuna asasi zinazofanya kazi na watoto wa mitaani. Makazi ya wazee wanafunzi wengi wanayadharau, wanaona hakuna kesi, halafu wanarudi wakiwa wamebadilika kuliko wote, mzee akikaa na wewe wiki 8 anakufundisha kusikiliza.

Barua ziende kwa anayehusika, hapa watu wengi wanapoteza mwezi mzima. Halmashauri ni kwa Mkurugenzi Mtendaji, kwa maana maafisa ustawi wa wilaya na kata wako chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia halmashauri. Lakini mahabusu ya watoto na makazi ya wazee ya serikali yako wizarani, Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum iliyoundwa Januari 2022, ukimwandikia mkurugenzi wa halmashauri barua itazunguka tu. Hospitali andika kwa mkurugenzi au mganga mfawidhi. Ukishapeleka usikae ukasubiri majibu, uliza masijala faili limefika kwa nani, kwa heshima, na yule mama au kaka wa masijala msalimie vizuri ujue jina lake maana ndiye anayejua dokezo limekwama meza gani.

Kabla barua haijajibiwa nenda ukakae na afisa mwenyewe nusu saa. Mimi naenda na karatasi moja tu. Juu nimeandika kazi anazotakiwa kuzifanya mwanafunzi kwa mwaka wake, chini nafasi tupu ya afisa kuandika ofisi yake ina kazi gani kweli. Mwaka wa kwanza anatazama na kuuliza, anajua ofisi inaendeshwaje, anajua PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, ni nini, anajua namba 116 ya simu kwa mtoto inafanyaje kazi. Mwaka wa pili anakaa kwenye mahojiano na afisa akiwepo, anaandika, anatembelea kaya akiwa na mtu. Mwaka wa tatu anabeba kesi 2 au 3 mwenyewe toka mwanzo, chini ya jicho la afisa. Nikimaliza namuuliza afisa swali moja, "Utapata saa moja kila wiki ya kukaa naye peke yenu mlango umefungwa?" Akisema hapana, na wengi wanasema ukweli, simpi wanafunzi watano, nampa mmoja au simpi kabisa. Mimi sizidishi 3 kwa afisa mmoja hata akiniomba.

Na jambo linaloumiza: kata nyingi utakuta anayeshughulikia ustawi amesomea maendeleo ya jamii au kitu kingine kabisa, anafanya kazi kwa moyo lakini hakufundishwa kusimamia kesi. Usimkatae, kwenye ofisi hiyo ndiko kesi zilipo. Afisa awe msimamizi wa kazi za kila siku, na mwalimu mmoja wa chuo awe msimamizi wa taaluma, anampigia mwanafunzi simu kila Ijumaa na kusoma maandishi yake.

Kumgawa mwanafunzi pia kuna utaratibu wake. Usigawe kwa alfabeti. Wape fomu fupi, uliza una ndugu wapi, una mtoto mdogo, una hali gani ya afya, kuna aina ya kesi ambayo itakugusa sana. Lile swali la mwisho usilipuuze, kuna binti aliwahi kuniambia ofisini kwamba yeye mwenyewe aliwahi kupitia ukatili na hawezi kukaa dawati la jinsia mwaka huu, ningemtupa huko bila kuuliza ningemuumiza mara mbili. Habari ya pesa nayo, mkopo wa Bodi ya Mikopo una fungu la mafunzo kwa vitendo lakini si kila mwanafunzi ana mkopo, na hata mwenye nao bumu, yaani hela ya mkopo, linaweza kuchelewa, kwa hiyo asiye na ndugu wilaya fulani usimpeleke huko kwa kumkomoa. Njaa haifundishi mtu.

Wiki moja kabla ya kuondoka nakaa nao siku 2 nzima. Siku ya kwanza siongelei ripoti wala maksi, naongelea siri na mipaka. Jina la mteja haliandikwi kwenye logibuku, andika herufi au namba. Picha ya mtoto haipigwi, na haiwekwi kwenye stetasi ya WhatsApp hata kama umemziba macho, majirani watamjua kwa sare ya shule. Hela humpi mteja mfukoni mwako, namba yako binafsi humpi, mtoto humpeleki kwenu hata usiku umeingia, unampigia afisa. Kwenda nyumbani kwa mtu huendi peke yako, unaenda na afisa au mjumbe, na unaaga ofisini unaenda wapi na unarudi saa ngapi. Halafu nawaambia wazi, wasichana na wavulana, kama kuna mtu pale ofisini anakutaka kwa lazima, nipigie mimi hata saa sita usiku, nitakuhamisha kwanza maswali baadaye, na hutapoteza maksi. Hilo liseme mbele ya wote, usisubiri litokee.

Siku ya pili tunafanya mazoezi ya kuandika mazungumzo, na hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko kote. Ukurasa unagawanywa sehemu tatu, alichosema mteja, nilichosema mimi, nilichohisi. Mfano ninaowapa huwa ni huu:

Mteja: Baba yake ameondoka tangu Januari, hatumi hata shilingi mia.
Mimi: Pole mama, itabidi umsamehe tu, ndiyo wanaume.
Nilihisi: huruma, nilitaka aache kulia.

Tunakaa na hizo sentensi tatu karibu saa nzima. Nani amekuomba msamaha hapo? Mama amekuja kutafuta msamaha au matunzo ya mtoto? Kile kilio kilikuwa kinamsumbua yeye au wewe? Mwanafunzi akishaliona hilo darasani, akienda fildi anaanza kujikamata mwenyewe katikati ya mazungumzo. Kurasa 2 za namna hii kila wiki zina thamani kuliko logibuku zima la "nimesaidia kazi za ofisi", na afisa naye akizisoma wanapata cha kuongea kwenye ile saa yao moja.

Ukaguzi usiwe wiki ya mwisho. Nenda wiki ya 2 au ya 3, kama mtu amewekwa masijala bado kuna muda wa kurekebisha. Ukifika ongea na mwanafunzi peke yake kwanza, halafu afisa peke yake, halafu wote watatu pamoja. Usiulize "unaendeleaje" maana atasema vizuri mwalimu. Mwambie nieleze kesi moja. Akishindwa kueleza hata moja, umeshajua. Kama huwezi kufika wilaya zote, na bajeti tunazijua, pigia kwa simu wale wa mbali na uende kwa miguu yako kule ambako afisa ni mpya.

Maksi gawana na afisa lakini usimwachie fomu ya kuweka namba tupu, wote watapata 90. Mwombe aandike kitu kimoja mwanafunzi alichofanya vizuri na kesi gani, na kimoja alichoshindwa.

Kuna sehemu karibu vyuo vyote tunaisahau, kuondoka. Mwanafunzi amekaa na mtoto wa mahabusu wiki 8, mtoto amemzoea, amemsimulia mambo ambayo hakumwambia mtu, Ijumaa mwanafunzi anafunga begi anarudi chuo na Jumatatu mtoto anauliza dada yuko wapi. Tumemwacha kama alivyoachwa na wengine. Kwa hiyo kwenye mpango wangu wiki ya 6 mwanafunzi anaanza kumwambia kila mteja wake tarehe atakayoondoka, wiki ya 7 anamtambulisha kwa afisa atakayeendelea naye, wanakaa watatu, na anaandika ukurasa mmoja wa makabidhiano kwa kila kesi, tulipoanzia, tulipofika, kinachofuata na lini. Ukurasa huo unabaki kwenye faili la ofisi, chuoni hauji, na mimi sipokei ripoti ya fildi mpaka afisa anipigie aseme ameshaupata.