Jinsi ya Kuachiliwa Dhamana ya Urejeshaji Ardhi Baada ya Uchimbaji wa Wazi

Kazi yangu ni kurejesha ardhi iliyochimbwa, na wateja wangu wengi ni wenye machimbo kati ya Nakuru na Kakamega. Sheria ya Madini ya Kenya ya mwaka 2016 inamtaka anayeomba leseni ya uchimbaji aweke dhamana ya kulinda mazingira inayotosha kugharimia urejeshaji. Makaa ya mawe tuliyo nayo katika bonde la Mui, Kitui, bado hayajachimbwa, lakini utaratibu ninaoufuata kupanga kazi nimeuchukua kwenye migodi ya wazi ya makaa ya mawe nchini Marekani, ambako sheria ya mwaka 1977 imegawa uachiliaji wa dhamana katika awamu tatu zinazoweza kupimwa. Nitaueleza kama ulivyo huko, pamoja na namna tunavyoutekeleza hapa kwetu.

Kwanza, fahamu dhamana ilikadiriwa vipi. Kiasi chake ni gharama ambayo mamlaka ingelipa kumleta mkandarasi mwingine amalizie kazi iwapo wewe ungeitelekeza. Kwa hiyo kila unapoomba sehemu ya fedha iachiliwe, unathibitisha kwamba sehemu fulani ya gharama hiyo haipo tena. Kwa sababu hiyo ninawasihi wateja wafungue faili siku ya kwanza ya kuchimba, ndani yake mkiwa na ramani ya mpima ardhi, picha zenye tarehe, na maelezo ya mahali udongo wa juu ulipohifadhiwa. Gawanya eneo katika vipande pia, kwani maombi yanaweza kuhusu kipande kimoja tu kilichokamilika.

Awamu ya kwanza ni kufukia shimo, kuondoa kuta za mwamba zilizoachwa wima, kurudisha umbo la ardhi likaribiane na lile la awali, na kudhibiti maji. Ikikamilika, hadi asilimia 60 ya dhamana inaweza kuachiliwa. Hapa ndipo watu wengi hukosea kwa kupenda ardhi ionekane nzuri. Karibu na Njoro tuliwahi kusawazisha mteremko mwezi Machi hadi ukawa laini kama sakafu, nasi tukafurahi. Udongo wa huko ni wa majivu ya volkeno, ni mwepesi, na mvua kubwa ya kwanza ya masika ilichimba korongo la kufika magotini kutoka juu hadi chini. Tulilazimika kurudisha tingatinga na kuianza kazi upya. Tangu hapo tunauacha uso wa ardhi ukiwa na mikwaruzo, tunachimba mitaro inayofuata kontua, yaani inayokatiza mteremko kwa usawa mmoja, na hatumwagi udongo wa juu kabla bwawa la kunasia tope halijawa tayari.

Awamu ya pili ni mimea. Nyasi zikishika na maji yanayotoka kwenye eneo lako yakawa hayapeleki tope kupita kiwango kinachoruhusiwa, sehemu nyingine ya fedha huachiliwa, ila mamlaka hubaki na kiasi kinachotosha kupanda upya endapo mimea itakufa. Sisi hupima kwa kamba ya mita 50 yenye alama 100, moja kila nusu mita. Mtu mmoja hutembea ameinama, akisoma kilicho chini ya kila alama, iwe ni jani, jiwe au udongo mtupu, na mwenzake huandika. Alama 72 zikiwa na majani chini yake, mfuniko, yaani sehemu ya ardhi iliyofunikwa na mimea, ni asilimia 72. Usikate tamaa kwa tarakimu hiyo, kwa maana kanuni za Marekani zinadai asilimia 90 ya kiwango kilichoidhinishwa, wala si asilimia 90 ya ardhi yote. Kama malisho ya kulinganishia yana mfuniko wa asilimia 80, basi 72 inatosha.

Awamu ya tatu ni kusubiri. Mahali panapopata mvua inayozidi inchi 26 kwa mwaka, yaani takriban milimita 660, kipindi cha wajibu, yaani muda ambao bado unawajibika kwa mimea hiyo, ni miaka mitano. Pakavu kuliko hapo, ni miaka kumi. Nakuru, Kisumu na Kakamega zote zingeingia kundi la miaka mitano. Zingatia sana jambo hili: miaka huhesabiwa tangu mara ya mwisho ulipoongeza mbegu, mbolea au maji. Anayemwaga mbolea mwaka wa nne kwa sababu ya wasiwasi ameanza kuhesabu upya, isipokuwa iwe ni matunzo ya kawaida yaliyoidhinishwa. Chagua nyasi zilizozoea mahali hapo, uzipande vizuri mara moja.

Maombi yenyewe yana ratiba. Tangazo hutolewa katika gazeti la eneo mara moja kwa wiki, kwa wiki nne mfululizo, na barua hupelekwa kwa majirani waliopakana na mgodi, serikali za mitaa na wasimamizi wa maji. Kwetu mimi huongeza baraza kwa chifu, maana jirani ambaye kisima chake kilichafuka anastahili kusikilizwa kabla hajalazimika kuandika pingamizi. Mamlaka hukagua ndani ya siku 30 baada ya kupokea maombi, hali ya hewa ikiruhusu, na pasipokuwa na kikao cha kusikiliza pingamizi hutoa uamuzi ndani ya siku 60.

Siku ya ukaguzi, mpitishe mkaguzi kwanza penye kasoro, ukiwa na faili mkononi. Maombi yakikataliwa, utapewa kwa maandishi sababu na marekebisho yanayohitajika. Rekebisha hayo, piga picha, kisha uombe tena. Yakikubaliwa, ipeleke barua ya mamlaka benki wewe mwenyewe na udai uthibitisho wa maandishi kwamba dhamana imepunguzwa au imefutwa.