Uzamili wa takwimu za afya: anza na kalamu, kompyuta itafuata

Wanaojiandaa kwa uzamili huu huniuliza kwanza wajifunze programu gani. Nami huwaambia washike kalamu kwanza.

Hatua ya 1: Fufua hisabati. Rudia kalkulasi, matriksi na nadharia ya uwezekano, kila jioni saa moja. Ukitoka kwenye uuguzi au famasia, jipe miezi sita na usijidharau. Wewe tayari unamjua mgonjwa, na hilo darasani halifundishwi.

Hatua ya 2: Kokotoa kwa mkono. Hapa usiwe na haraka. Tafuta uwezekano wa mgonjwa kuishi hadi mwezi wa 12. Chukua wagonjwa 5 walioanza dawa pamoja. Mwezi wa 2 mmoja anafariki: wamebaki 4 kati ya 5, yaani 0.80. Mwezi wa 3 mwingine anahamia mkoa wa mbali, habari zake zinakatika. Mwezi wa 5 anafariki wa pili. Wawili waliobaki wanafika mwezi wa 12 wakiwa hai.

Yule aliyehama utamweka wapi? Ukimhesabu kuwa hai hadi mwisho, unapata 3/5, yaani 0.60. Ukimfuta kabisa, unapata 2/4, yaani 0.50. Kote huko umesema usichokijua. Wanatakwimu Kaplan na Meier, mwaka 1958, walionyesha njia ya haki: ahesabiwe kwa muda tuliokuwa naye tu. Mwezi wa 5 tulikuwa na watu 3 tunaowafuatilia, wakabaki 2, kwa hiyo 0.80 × 2/3 = 0.53. Rudia mpaka uweze kumweleza muuguzi wa kliniki anayewatafuta watoro wa dawa kila wiki.

Hatua ya 3: Sasa fungua R, programu ya takwimu. Ni ya bure. Andika (kwenye kifo, 1 ni aliyefariki, 0 ni ambaye kifo chake hatukukiona):

library(survival)
muda <- c(2, 3, 5, 12, 12)
kifo <- c(1, 0, 1, 0, 0)
summary(survfit(Surv(muda, kifo) ~ 1))

Ukiona 0.800 na 0.533, utajua mashine imefanya nini.

Hatua ya 4: Kaa na karani wa data, hata kwa wiki moja. Niliwahi kupokea faili lenye watoto wachanga wa kilo 99. Kumbe 99 iliandikwa pale mizani ilipokuwa mbovu. Wastani wangu ulikuwa umeharibika siku nzima, na aliyenifungua macho ni karani, si kitabu.

Hatua ya 5: Chagua chuo kwa mtaala. Kuna KCMC pale Moshi, kuna Hasselt kule Ubelgiji, na vingine. Popote uendako, hakikisha wanafundisha uchambuzi wa muda wa kuishi, vipimo vinavyorudiwa kwa mtu yuleyule na usanifu wa majaribio ya dawa. Uliza pia kama wanafunzi hupelekwa kwenye utafiti halisi.

Kwenye barua ya maombi, usiandike kwamba unapenda namba. Eleza faili moja ulilolisafisha, kosa ulilolikuta humo, na ulivyolirekebisha.