Ninavyompima kocha wa kikapu wa chuo ndani ya konferensi yake

Mechi za Novemba na Desemba ziweke kando. Timu kubwa za Marekani hualika vibonde nyumbani na kujizolea ushindi wa bure. Mimi naanza kuhesabu mechi za konferensi (kundi la vyuo vinavyochuana vyenyewe kwa vyenyewe) zikianza, makocha wanapokuwa wanajuana hadi kikohozi.

Andika matokeo ya nyumbani na ya ugenini kila moja peke yake. Ya ugenini ndiyo yanayosema kweli.

Kisha achana na pointi tupu, hesabu mashambulizi: mitupo ya kawaida, toa ribaundi za kushambulia (mipira timu inayoidaka tena baada ya kukosa mtupo wake), ongeza mipira iliyopotezwa, ongeza mitupo huru mara 0.475. Tuseme mitupo 58, ribaundi 10, mipira 12, mitupo huru 20. Unapata 69.5. Timu ikifunga pointi 70, ni kama 101 kwa kila mashambulizi 100. Fanya hivyo kwa wapinzani pia, utoe tofauti.

Hesabu hii ilinitoa ushamba. Niliiona timu ya chuo cha Virginia chini ya kocha Tony Bennett butu kwa vile ilifunga pointi chache. Kumbe ilicheza polepole kwa makusudi. Mwaka 2018 ilimaliza konferensi yake, ACC, kwa ushindi 17 na kipigo kimoja. (Ndiyo, ikachapwa 74-54 na UMBC, chuo kibonde, kwenye mashindano ya taifa. Mwaka uliofuata ikabeba kombe, kocha yuleyule.)

Mwisho, kagua ratiba. Konferensi ya Big Ten, kwa mfano, kila timu ina mechi 20, lakini si kila mpinzani unakutana naye mara mbili. Aliyerudiana na wanyonge mpunguzie sifa kidogo.