Una lupasi na bili ya hospitali Marekani? Omba kusamehewa deni hivi

Nchini Marekani lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe, huwapata wanawake weusi mara mbili hadi tatu zaidi ya wazungu, na kwao figo huathirika zaidi. Lakini wengi hukacha kliniki kwa sababu ya bili, wakaanza kumeza haidroksiklorokwini, dawa ya lupasi, siku moja na kuruka nyingine ili zisiishe upesi. Usifike huko. Hospitali zisizo za kibiashara zinabanwa na sheria ya kodi ya shirikisho kuwa na utaratibu wa maandishi wa kuwapunguzia au kuwasamehe wasio na uwezo.

Ukipiga simu ofisi ya malipo, sema kwanza unataka mkalimani wa Kiswahili. Ni bure kwenye hospitali inayopokea fedha za serikali kuu. Mtoto wako asikutafsirie: hospitali hairuhusiwi kumtegemea isipokuwa kwa dharura, na kwa kweli si vizuri asikie habari za protini kwenye mkojo wa mama yake, dalili ya figo kuathirika.

Kisha chukua bili, soma zile herufi ndogo, mara nyingi ziko nyuma. Tafuta maneno "Financial Assistance", yaani msaada wa kifedha. Hapo utaona pa kupata fomu ya kuomba msamaha wa bili, nayo hailipiwi. Ambatisha hati za mshahara, ritani ya kodi na chochote kingine walichotaja. Kama huna kipato, uliza kama watapokea barua ya anayekutunza. Wape nakala, hati halisi ubaki nazo, na uombe uthibitisho wenye tarehe.

Una siku 240 tangu bili ya kwanza baada ya matibabu. Hata kama umeshaanza kulipa, omba tu: ukikubaliwa, ulichozidisha hurudishwa. Ombi likiwa mezani, hawaruhusiwi kukushtaki kwa deni hilo. Fomu ikiwa na pengo, lazima wakuandikie kinachokosekana.

Wengi hunaswa hapa: daktari na maabara wanaweza kukutoza kando, na mgonjwa wa lupasi hupimwa damu na mkojo mara kwa mara. Hospitali lazima iwe na orodha ya watoa huduma wanaohusika na msamaha huo na wasiohusika. Iombe kabla ya kipimo kijacho. Wasiohusika, waombe mmoja mmoja.

Wakikukatalia, dai sababu kwa maandishi. Na unaposubiri jibu, miadi yako usiifute.