Jinsi ya kukitambua kifaa kilichoundwa kife mapema, na jinsi ya kukirefushia maisha

Kifaa hakifi chote kwa mpigo. Hufa kipuri kimoja, mara nyingi kile cha bei ndogo kuliko vyote, na vilivyo vizima vikatupwa pamoja nacho. Kazi yako ni kukijua kipuri hicho kabla hujalipa, na kuhakikisha kinaweza kutolewa.

Mchezo huu ni wa zamani. Mwaka 1924, mjini Geneva, watengenezaji wakubwa wa balbu, wakiwemo Osram na Philips, walikubaliana balbu ya nyuzi idumu saa 1,000 tu, ilhali zilizokuwapo zilifika 1,500 hadi 2,000. Mwanachama ambaye balbu zake zilidumu kupita kiwango alitozwa faini. Siku hizi mkataba hauhitajiki: mtengenezaji anachagua kipuri hafifu, anakiziba kwa gundi, na hakiuzi kando. Si kila ubovu ni hila, mwingine ni ubahili mtupu, lakini kwa mnunuzi ni yale yale.

Dukani

Kigeuze kifaa utazame mgongo wake. Skrubu za kawaida, au za nyota yenye ncha sita, ni dalili njema. Skrubu za umbo lisilo na bisibisi madukani, au mwili usio na skrubu hata moja, maana yake aliyekiunda hakutaka kifunguliwe. Kisha chukua namba ya modeli uitafute mtandaoni pamoja na jina la kipuri kinachochoka: betri kwa simu, kaboni za mota kwa drili, gia kwa mashine ya kusagia. Kama hakipo popote, usinunue.

Kwa mashine ya kufulia, uliza swali moja: pipa la nje limefungwa kwa skrubu au limeyeyushwa likawa kitu kimoja? Beringi huchakaa, na ni kitu cha bei ndogo. Ila pipa likiwa limeunganishwa moja kwa moja, fundi hafikii beringi bila kulikata, na wengi watakwambia ununue mashine nyingine.

Kwa simu, uliza itapata masasisho ya programu kwa miaka mingapi. Umoja wa Ulaya, tangu Juni 2025, unataka angalau miaka 5 baada ya modeli kuacha kuingizwa sokoni, na betri iliyobaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mara 800. Popote ulipo, tumia vipimo hivyo kupimia simu unayouziwa.

Kikishakufa, anza na kapasita

Televisheni inayowaka na kuzima, au inayochukua dakika kadhaa kuamka, mara nyingi ina kapasita (vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme) zilizokauka katika bodi ya umeme. Adui ni joto. Kila nyuzi 10 za Selsiasi zikipungua, maisha ya kapasita huwa maradufu, na zikiongezeka huwa nusu. Chukua kapasita iliyoundwa idumu saa 2,000 kwenye nyuzi 85, lakini inayofanya kazi ndani ya nyuzi 65: inapata saa 8,000 hivi, hata mwaka mmoja mfululizo haifikishi. Yenye saa hizo hizo kwa nyuzi 105 inapata 32,000. Tofauti ya bei kati ya hizo mbili ni ndogo mno, na hapo ndipo penye mchezo.

Chomoa waya wa umeme kwanza. Kapasita kubwa iliyo upande wa umeme wa ukutani inaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata kifaa kikiwa kimezimwa. Ipime kwa multimita, kipimo cha umeme, upande wa volti za DC (umeme wa mkondo mmoja). Ikiwa ina chaji, gusisha kizuizi cha umeme (resista) cha kiloohmu 10, wati 5, kwenye miguu yake kwa sekunde 10, ukikishika kwa koleo lenye mpira, kisha pima tena. Usiiunganishe miguu yake kwa bisibisi: cheche zake huharibu bodi na kukuumiza. (Maikrowevu usiifungue kabisa, yake ni maelfu ya volti.)

Tafuta kapasita iliyovimba kichwani au yenye utomvu wa kahawia miguuni. Piga picha kabla ya kuitoa, kwa sababu ina upande chanya na hasi, na mstari ubavuni unaonyesha hasi. Ukigeuza, inaweza kupasuka. Mpya iwe na mikrofaradi (kipimo cha uwezo wake wa kuhifadhi umeme) zile zile, volti sawa au zaidi, nyuzi 105, na upinzani mdogo wa ndani. Pima kipenyo na urefu pia, wengi husahau na kifuniko hakifungiki. Isiyovimba si lazima iwe nzima, kwa hiyo badilisha zote ndogo za eneo lile kwa mara moja.

Betri na balbu

Betri ya lithiamu huchakazwa na joto na kukaa imejaa. Ibaki kati ya asilimia 20 na 80, na usiichaji chini ya mto. Ikivimba, acha kuitumia siku hiyo hiyo, usiitoboe wala kuibana, ipeleke panapokusanywa taka za elektroniki.

Balbu ya LED nayo mara nyingi huuawa na joto kabla taa zake zenyewe hazijachoka. Usiifungie ndani ya kioo kisichopitisha hewa, isipokuwa boksi lake linasema inaruhusiwa.