Kuvizia Milipuko ya Jua kwa Mtu wa Redio

Sisi wa redio za masafa mafupi hapa Tanga, jua likichafuka ndio tunaoumia kwanza. Kwa hiyo asubuhi, kabla sijawasha mtambo, nafungua picha mbili za chombo cha SDO cha NASA: ya kawaida inayoonyesha madoa meusi ya jua, na ile ya sumaku, ambayo weupe na weusi ni pande mbili za sumaku zinazopingana.

Doa kubwa la duara lisikutishe. Kama kwenye picha ya sumaku lina rangi moja, huwa limetulia. Mkorofi ni kundi la madoa ambalo weupe na weusi vimebanana, mpaka viini vyenye sumaku zinazopingana vinakaa ndani ya ukungu mmoja wa kijivu. Wataalamu huliita beta-gama-delta. Kundi namba 3664 la Mei 2024 lilikuwa la namna hiyo. Linganisha na picha ya jana: linakua? Limelipuka jana? Basi leo usiliamini. Likiwa ndiyo kwanza linachomoza ukingo wa kushoto, mtakuwa nalo karibu wiki mbili.

Kisha soma utabiri wa SWPC, kituo cha Marekani cha kutabiri hali ya anga za juu, unaotoa asilimia za uwezekano wa milipuko ya daraja la M na la X, lenye nguvu zaidi, kwa siku tatu. X ikifika asilimia 30, mimi napanga mawasiliano ya muhimu usiku.

Grafu ya GOES, setilaiti za Marekani zinazopima eksirei za jua, ni ya kujua kilichokwisha kutokea. Madaraja ni C, M, X: kila herufi ni mara kumi ya iliyotangulia. Mstari ukipanda, mionzi imeshafika. Safari yake ni dakika nane tu. Masafa ya chini hufa kwanza na kurudi mwisho, basi jaribu ya juu.

Na tafadhali, ongeza saa tatu kwenye UTC, saa ya kimataifa inayotumika kwenye grafu hizo, maana anayeathirika ni aliye mchana. X8.7 ya 14 Mei 2024 ilifika kilele 16:51 UTC, kwetu saa mbili kasoro dakika tisa usiku, haikutuhusu. X9.0 ya 3 Oktoba ilitukuta saa tisa na dakika 18 alasiri, jua likiwaka.

Baada ya mlipuko mkubwa, tazama picha za LASCO, kamera ya angani inayoliziba jua ili kuonyesha kinachotoka pembeni yake. Wingu lililorushwa na jua likitanuka kulizunguka jua lote, na kundi lilikuwa katikati ya uso unaotutazama, dhoruba ya sumaku inakuja. Hiyo huchukua siku moja hadi tatu, kwa hiyo nafasi ya kujipanga ipo.